Hivi Steve Bruce alikuwa beki kweli au wazee wanatupiga kamba?

dogo_wa_mbagala:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana nimegombana na mjomba wangu juzi kibanda umiza mbele ya watu na mpaka leo ananijibu kwa kuguna. Ilikuwa hivi, tunaangalia Man U, Maguire kapigwa chenga moja ya kawaida tu akaanza kugeuka kama lori la mchanga uchochoroni, mi kwa hasira nikaropoka kwamba hii timu tangu iumbwe haijawahi kuwa na beki mzito kama huyu. Mjomba akacheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema we mtoto hujui kitu, Man U imebeba ubingwa na Steve Bruce ambaye mbio hakuwa nazo kabisa na Maguire angembebea begi. Kibanda kizima kikaniangukia kicheko.

Sasa mi ni wa 2001. Steve Bruce ninayemjua ni yule kocha wa Newcastle, mzee mnene uso umeiva, anasimama pembeni ya uwanja kama mtu anayesubiri daladala, timu imepaki basi na bado inapigwa tatu. Nikasema ngoja nikachimbe nimuaibishe mjomba, nimekuta jamaa hajachezea timu ya taifa ya England hata mechi moja. HATA MOJA. Beki gani huyo wa Man U miaka nane nchi yake haimtaki?

Ninachotaka kujua, alikuwa beki kweli au ni wazee tu na mambo yao ya zamani kila kitu kilikuwa kitamu? Halafu ukocha wake ukoje, naona kafundisha timu kumi na mbili na Wigan kaenda mara mbili, mtu anafukuzwa huku anapokelewa kule, kuna kitu anajua au ana mjomba wake FA, chama cha soka cha huko? Tumewekeana kreti la soda kwa hiyo mtu asije na porojo, leteni vitu.

kinyozi_ngamiani:
Dogo anza kutafuta hela ya kreti.

Mimi nina miaka hamsini na ushee, kinyozi hapa Tanga, Man U tangu enzi tunasikiliza matokeo BBC maana huku Bara TV ilikuwa bado, stesheni za kwanza zimekuja 94. Kaka yangu alikuwa baharia ndo alikuwa anatuletea mikanda ya VHS, tunajazana sebuleni kwa jirani mwenye deki. Kwa hiyo hii nayokwambia nimeiona kwa macho, tena ule mkanda ulirudishwa nyuma mpaka ukawa unakwaruza.

Tarehe 10 Aprili 1993, Jumamosi ya Pasaka. Man U wana miaka 26 hawajachukua ligi, tangu 1967, wazungu walishaanza kusema hawa wamelogwa. Wanacheza na Sheffield Wednesday nyumbani, wanakimbizana na Aston Villa kileleni. Kipindi cha pili refa akaumia, mshika kibendera mmoja akachukua filimbi, haikupita muda Wednesday wakapewa penati, John Sheridan akafunga. Ukimya wa uwanja ule dogo ulikuwa unausikia mpaka kwenye mkanda. Dakika zinakatika, 70, 80, kocha Ferguson kila saa anaangalia saa. Dakika ya 86 kona, anainuka jitu na pua lake lililovunjwa mara sijui ngapi, kichwa, moja moja. Ni Bruce. Sasa kwa sababu ya yule refa kuumia zikaongezwa dakika nyingi kupita kawaida, watu wanalalamika mpaka leo, dakika ya 96 hiyo mpira umezagaa zagaa, Pallister ambaye naye ni beki wa kati, sijui alikuwa anafanya nini kule pembeni kulia, akamwaga krosi ikaguswa njiani, na nani yupo? Bruce tena. Kichwa. Mbili moja. Ferguson anaruka pembeni na msaidizi wake Brian Kidd kapiga magoti ndani ya uwanja kama yupo kanisani. Siku hiyo hiyo Villa wakatoka suluhu na Coventry, Man U wakakaa kileleni na hawakushuka tena.

Beki wa kati, goli mbili dakika za mwisho kabisa, ligi ya kwanza baada ya miaka 26. Huyo ndo mzito wako.

Na mbio kweli hakuwa nazo, mjomba hajadanganya. Ila Bruce alikuwa hafiki kwenye mpira kwa mbio, alikuwa tayari yupo pale. Pallister mrefu ana mbio, Bruce ana akili na roho ngumu, wawili hao Ferguson alikuwa anawatania Dolly na Daisy. Man U kacheza mechi 414 kafunga goli 51, rudia tena, beki wa kati goli 51. Msimu wa 90/91 peke yake alifunga 19 mashindano yote, nyingi penati sawa ila penati zinapigwa na miguu siyo maombi. Fainali ya kombe la washindi la Ulaya 1991 pale Rotterdam wakamfunga Barcelona 2-1, goli la kwanza ni kichwa cha Bruce, mpira unakwenda wenyewe Mark Hughes akaugusa kwenye mstari akapewa yeye goli. Sisi Tanga tunasema kamkata mwenzie riziki mchana kweupe.

Haya, unahodha. 1994 Man U wanabeba ligi na kombe la FA msimu mmoja, kapteni Bruce. Karne nzima ile ya ishirini waliobeba mbili kabla yake ni Spurs yaani Tottenham 61, Arsenal 71 na Liverpool 86. Kapteni wa Spurs Blanchflower wa Ireland Kaskazini, wa Arsenal McLintock Mskochi, wa Liverpool Hansen Mskochi. Kapteni Mwingereza wa kwanza wa karne ile kunyanyua zote mbili ni huyu ambaye Waingereza wenyewe hawakumwita. Kacheka nani hapo?

takwimu_hazidanganyi:
Mzee kinyozi umenisisimua ila umejibu nusu ya swali. Kama mchezaji sina ugomvi. Ukocha tuseme ukweli jamani.

Miaka zaidi ya 20 kwenye benchi, mechi zaidi ya 1000, kombe kubwa sifuri. Alivyoanza Sheffield United 98 msimu mmoja kaondoka, Huddersfield msimu na kidogo katimuliwa, Wigan ya kwanza hata miezi miwili haikufika kakimbilia Crystal Palace, Palace nako miezi michache anaomba kuondoka Birmingham wanamtaka, mwenye timu akakataa wakafikishana mpaka mahakamani. Ndani ya miaka mitatu na ushee timu tano. Sasa huyo unamuita kocha au mpangaji? Na mpira wake wote ni ule ule, mabeki warefu, kona, krosi, Mungu saidia.

Mi msimamo wangu ni kwamba pale Uingereza kulikuwa na kundi la makocha wazee wa kuzunguka, akitoka huyu anaingia yule, na jina la Man U lilikuwa linamfungulia milango. Angekuwa beki wa Gillingham tu asingepata hata kazi ya tatu.

kinyozi_ngamiani:
Umetaja Gillingham bila kujua umetaja nini. Gillingham NDIKO alikotoka. Dogo sikiliza na hii. Jamaa mtoto wa Wallsend huko juu karibu na Newcastle, kalelewa Wallsend Boys Club wanapotokea kina Beardsley na Shearer na Carrick. Timu kibao zikamkataa, akawa karibu kabisa anaingia kujifunza ufundi bomba kwenye karakana ya meli ya Swan Hunter. Gillingham ya daraja la tatu ikamwita majaribio yeye na Peter Beardsley pamoja. Wakamchukua Bruce wakamrudisha Beardsley! Beardsley akaja kucheza kombe la dunia, Bruce hajavaa hata jezi ya kirafiki. Maisha haya.

Kule alikaa misimu kadhaa na utundu pia alikuwa nao, siku moja kwenye mechi na Port Vale alimvamia mtu kwa kisasi cha zamani, mguu uliovunjika ukawa wa kwake mwenyewe. Norwich wakamnunua 84 kwa pauni 135,000, mechi ya kwanza na Liverpool, dakika ya kwanza KAJIFUNGA. Kwa kichwa. Mwingine angeomba kurudi karakana. Msimu huo huo akabeba kombe la ligi Wembley wakimfunga Sunderland, na msimu huo huo wakashuka daraja, mwaka uliofuata wakapanda. Man U kaingia Desemba 87 ana miaka karibu 27. Kwa hiyo jina la Man U hakupewa, alilifuata kwa miguu.

dogo_wa_mbagala:
Mzee kinyozi naomba unyamaze kidogo kreti ni elfu kadhaa hizi 😂

Ila swali la England bado, kwanini hawakumwita?

kinyozi_ngamiani:
Foleni. Terry Butcher, Tony Adams, Des Walker, Mark Wright, baadaye na huyo huyo Pallister mwenzake anaitwa yeye anabaki nyumbani. Timu B ya England, ile ya akiba, ndiyo aliichezea. Makocha walikuwa wanaangalia mbio kwanza. Nchi kubwa ina anasa ya kumuacha mtu wa namna hiyo. Mtoto wake Alex, beki vilevile, kwa vile bibi yake mzaa baba ni wa Ireland Kaskazini, yeye kachezea Ireland zote mbili, ile ya Dublin na ile ya Belfast. Baba hata moja, mtoto mbili!

gunner_wa_likoni:
Asalaam aleikum. Mimi Arsenal, Mombasa, na huyu mzee Bruce alikuwa karibu anitie wazimu kwa hivyo nina haki ya kusema.

Mei 2014 fainali ya kombe la FA. Sisi miaka tisa hatuna kombe, miaka tisa wallahi, watu wa Man U hapa kivukoni walikuwa wakituona tu washaanza kuhesabu kwa vidole. Tunakutana na Hull City. Hull! Nikavaa jezi nikapika na pilau kabisa, nikaita wanaume nyumbani. Dakika ya nne goli, James Chester. Beki. Dakika ya nane goli tena, Curtis Davies. Beki! Pilau haijapakuliwa tushapigwa mbili na mabeki wawili kwa mpira wa kona na vurugu za langoni. Halafu sikizeni, mpira mwengine ukapigwa ndani, huyo huyo Alex Bruce mtoto wa kocha akapiga kichwa unaingia ule, unaingia, Kieran Gibbs akautoa kwenye mstari. Ungeingia huo ilikuwa tatu bila na mimi leo ningekuwa nashabikia mchezo wa bao.

Cazorla akatupa uhai kwa ile faulo, Koscielny akasawazisha ya pili, beki naye, Ramsey akatuokoa dakika za nyongeza, tatu mbili. Nilishangilia lakini nilipomwona yule mzee anawapa mkono wachezaji wake mmoja mmoja niliingia huruma. Timu ile nusu ya wachezaji hata watu wa kwao hawawajui na alikuwa ameipandisha daraja mwaka mmoja tu nyuma.

Kwa hivyo ndugu takwimu, ukisema mabeki warefu na kona Mungu saidia, ndiyo, ni kweli, lakini ilifanya kazi. Mtu amecheza beki miaka ishirini anajua krosi gani beki anaichukia, yeye alizichukua zile alizokuwa akizichukia akazifanya mpango. Mbona akifanya mtu mwengine huitwa sayansi?

Na dogo wa Mbagala kuna kitu wenzangu wamekusahaulia. Unajua nani alimtoa Harry Maguire Sheffield United akampeleka Hull kwa pauni milioni mbili na nusu? Mwaka huo huo wa 2014. Steve Bruce. Na wiki zile zile akamchukua kijana wa Dundee United anaitwa Andy Robertson, chini ya milioni tatu. Huyo ndiye Robertson wa Liverpool huyu.

dogo_wa_mbagala:
SUBIRI

Maguire kaletwa na BRUCE???

Siwezi kumwambia mjomba hiki kitu. Atakitangaza msikitini.

mbongo_wa_gateshead:
Mi niko huku kaskazini mashariki mwaka wa kumi na mbili, ng'ambo ya mto tu unaiona St James' Park, uwanja wa Newcastle. Niwape upande wa huku maana Newcastle ndo dogo anayoijua.

Kwanza mjue mpaka anafika Newcastle huyu mzee kishazunguka sehemu ambazo binadamu wa kawaida haendi. Kafundisha Birmingham miaka karibu sita, kawapandisha ligi kuu 2002 kwa penati kwenye fainali ya mchujo pale mjini Cardiff, wakawapiga Aston Villa 3-0 kwenye derby, mechi ya watani, ile kipa wa Villa alikosea mpira wa kurusha wa beki wake mwenyewe ukaenda wavuni. Wakashuka 2006, akawapandisha tena 2007. Halafu miaka baadaye akaenda kufundisha Villa! Kafundisha Sheffield United kisha Sheffield Wednesday. Kafundisha Sunderland kisha Newcastle. Ni sawa na mtu atoke Simba aende Yanga, amalize hapo aende kurudia mchezo huo huo miji mingine miwili. Kwa hiyo kila anakokwenda nusu ya watu wanaanza nae wakiwa wamemnunia.

Sunderland kule ndo mpira wa bichi ulipowaumbua Liverpool 2009, si mnaikumbuka, shuti la Darren Bent likagonga puto la ufukweni likampoteza kipa Reina, kocha alikuwa yeye. Mwaka uliofuata Newcastle wakamtandika tano moja derby, mji mzima huku hawakulala, wiki mbili mbele kaenda Stamford Bridge kampiga Chelsea tatu bila. Hiyo ndo timu ya Bruce, huwezi kuiwekea hela ya mkeka. Alikuwa na Asamoah Gyan, Bent, Welbeck wa mkopo, Jordan Henderson bado mtoto. Ndani ya mwaka mmoja Bent kauzwa, Henderson kaenda Liverpool, Welbeck karudi Man U, Gyan kaenda zake Al Ain Uarabuni kwenye hela. Novemba 2011 naye akaonyeshwa mlango. Na watu wa Sunderland mdomoni kosa lake la kwanza ni kwamba amezaliwa ushabiki wa Newcastle.

Newcastle sasa. Kaja Julai 2019 kocha Benitez kaondoka na watu walikuwa wanampenda Benitez kama mtume, mwenye timu Mike Ashley hapendwi, kwa hiyo Bruce kaingia kama mtu aliyeoa mjane ambaye bado anamlilia marehemu. Mpira ulikuwa mbaya, siwadanganyi, niliingia uwanjani mara kadhaa kwa hela yangu nikajuta, tunashika mpira robo saa nzima hamna. Ila msimu wa kwanza nafasi ya 13, wa pili ya 12, hakushusha timu. Halafu tarehe 7 Oktoba 2021 Wasaudi wakainunua timu, watu barabarani na vitambaa vichwani, na mzee bado yupo ofisini. Mechi iliyofuata na Tottenham ikawa ya 1000 kwake kama kocha. Uwanja umepasuka kwa kelele, Callum Wilson kafunga dakika ya pili, nikasema leo mzee anaagwa vizuri. Ikaisha 2-3. Siku tatu mbele akaondoka.

Alivyokuwa anatukanwa huku mi Mswahili wa kuja tu nilikuwa naona aibu. Mtu wa hapa hapa, timu ya utotoni kwake, na anaimbiwa kichwa kama kabichi. Na Villa kule 2018 walimrushia kabichi kweli, mboga, siyo mfano, kabla ya mechi na Preston. Mwaka ule ule alikuwa kazika baba na mama wote wawili. Kesho yake baada ya hiyo mechi ya Preston akafukuzwa. Na hao Villa miezi michache nyuma kawafikisha fainali ya plei-ofu, ule mchujo wa kupanda ligi kuu, pale Wembley wakafungwa moja na Fulham.

takwimu_hazidanganyi:
Ya wazazi sikuwa naijua, hapo nakaa chini.

Ila narudi palepale, kupandisha timu ni kazi moja na kuibakisha juu kwa miaka ni kazi nyingine. Hull kapandisha 2013, kashuka 2015, kapandisha tena 2016 kisha akajiuzulu kabla hata ligi haijaanza. Birmingham hivyo hivyo panda shuka panda. Ni fundi wa ngazi. West Brom 2022 hakufikisha hata mwaka, Blackpool kachukua 2024 wakamtimua Oktoba 2025, na hiyo ni daraja la tatu.

mbongo_wa_gateshead:
Kupandisha mara nne ligi kuu ya Uingereza unaita fundi wa ngazi 😂 we jenga ngazi moja tu tukuone

beki_namba_4:
Nimesoma kimya kimya ngoja niseme kidogo maana mi nimecheza beki wa kati, ligi daraja la kwanza hapa nyumbani, misimu minne, goti likanikataa, sasa hivi nafundisha vijana wa mtaa jioni.

Watu wanadhani beki akistaafu ukocha unamjia wenyewe kwa sababu alikuwa anapiga kelele uwanjani. Sisi tunao mifano, Mecky Mexime kapteni wa Taifa Stars beki wa Mtibwa akaja kuwa kocha wa Mtibwa hiyo hiyo na Kagera Sugar, Minziro wa Yanga naye beki naye kocha. Ila kilichonisumbua mimi nilivyoanza ni kwamba beki kazi yake yote ni kuharibu. Mi naweza kumfundisha mtoto wa miaka 15 namna ya kusimama, amuangalie mtu na siyo mpira, asimame nusu hatua mbele, hiyo nafundisha nimefumba macho. Straika akiniuliza kocha nikiwa na mpira hapa nifanye nini, najikuta namwambia vitu ambavyo MIMI nisingependa anifanyie. Siyo vibaya ila ni nusu ya mpira tu, nusu nyingine inabidi ununue mtu au uajiri msaidizi. Timu za Bruce nikiziangalia naona hiko kitu. Akipata mtu wa mbele anayejua kazi yake mwenyewe kama Bent au Wilson timu inapumua, asipopata ndo kusubiri kona mpaka jioni.

Na kule Uingereza meneja wa kizazi chake alikuwa siyo kocha wa mazoezi kama tunavyofikiria, ni mtu wa kununua, kuuza, kutuliza chumba, wengine wanapanga koni. Angalieni alichonunua. Wilson Palacios huyu wa Honduras alimchukua akiwa hajulikani Uingereza, Wigan wakamuuza Tottenham mapauni mengi kweli. Amr Zaki wa Misri wa mkopo pale pale Wigan, mnakumbuka alivyowasha moto mwanzoni? Robertson, Maguire. Jicho la kumuona beki alikuwa nalo.

gunner_wa_likoni:
"Namwambia vitu ambavyo mimi nisingependa anifanyie" hiyo mwalimu umeiweka vizuri sana, na ndiyo kocha bora wa mastraika hiyo, usijidharau bana.

dogo_wa_mbagala:
Nimerudi. Nilikosea nikampa mjomba simu asome mwenyewe.

Kasoma kimya, alipofika kwa mzee kinyozi ile ya dakika ya 96 akaanza kusoma kwa sauti, watu wa kibanda wakajaa, akasoma mara mbili. Alipofika kwenye Maguire kaletwa na Bruce akanirudishia simu, akaniangalia, hakusema kitu. Akaagiza soda kwa jina langu.

Kreti nimelipa. Ila sasa kaibuka mzee mwingine kibandani shabiki wa Villa, kumbe wapo, anasema zile dakika za nyongeza zilikuwa za wizi na ubingwa wa 93 ulikuwa wa kwao, na mjomba kanitupia mimi nimjibu. Mzee kinyozi upo?

kinyozi_ngamiani:
Nipo, nina mteja kichwani. Mwambie Mei Villa walifungwa nyumbani kwao na Oldham moja bila na ubingwa ukaenda Old Trafford kwa Man U, Bruce akiwa nyumbani kwake kajipumzisha. Oldham! Dakika za nyongeza zilihusika nini hapo. Akibisha mpe namba yangu.